Kuishi China na kujua Kichina ni mambo mawili

Matangazo ya ufadhili wa masomo China yakitoka, au mfanyabiashara wa Kariakoo akirudi na mzigo kutoka Guangzhou, mjadala uleule huanza upya. Wapo wanaoapa kwamba Kichina hakishikiki, sharti uzaliwe nacho. Wapo wanaosema nenda tu, ukae miezi mitatu, kitaingia chenyewe. Mwaka 2019 Kenya ilipotangaza mpango wa kufundisha Kimandarini katika shule za msingi, hoja hizo mbili zilisikika tena, na wazazi wengi wakabaki hawajui washike ipi.

Kwa maoni yangu pande zote mbili zimekosea, na kosa la pili ndilo linalowagharimu watu zaidi. Wapo waliokaa China miaka mingi, wana biashara na marafiki huko, lakini Kichina chao kinaishia kwenye bei na salamu. Wapo pia ambao ndani ya mwaka mmoja wanampigia simu fundi bomba na kumweleza kilichoharibika. Kinachowatofautisha ni namna wanavyoitumia siku yao, pamoja na kazi ndogo waliyoifanya kabla ya kupanda ndege. Hayo ndiyo ninayotaka kuyafafanua hapa.

Tuanze na jina. Tukisema "Kichina" tunafunika lugha nyingi kwa neno moja. Mtu wa Guangzhou akizungumza Kikantoni na mama yake jikoni, mgeni kutoka Beijing haambulii kitu. Shanghai wana chao, Fujian wana chao. Lugha rasmi ya nchi, inayofundishwa shuleni na kusomewa habari, ni Putonghua, yaani lugha ya wote. Huku kwetu tumezoea kuiita Kimandarini. Matamshi yake yamejengwa juu ya yale ya Beijing, na ndiyo utakayofundishwa darasani. Itakufaa popote, hata Guangzhou, maana wafanyabiashara na vijana wa huko wanaizungumza. Ila ukiwa ndani ya treni za chini ya ardhi za mji huo, sikiliza vizuri: vituo hutangazwa kwa Putonghua, kwa Kikantoni na kwa Kiingereza. Mgeni anayedhani sikio lake limeharibika kwa kuwa haelewi nusu ya matangazo, kumbe amesikia lugha nyingine kabisa.

Kuna istilahi mbili zaidi. Hanzi ni zile alama za Kichina, ambazo kila moja ina sauti ya silabi moja na kwa kawaida ina maana yake. Pinyin ni namna ya kuandika matamshi ya Putonghua kwa herufi hizi hizi za a, b, ch tunazozijua, na iliidhinishwa rasmi China mwaka 1958. Mtoto wa Kichina mwenyewe hufundishwa pinyin katika mwaka wa kwanza wa shule, na wewe utaanza nayo.

Sikio kabla ya mdomo

Kiswahili hutumia kupanda na kushuka kwa sauti kubadili sentensi. "Amekuja" ni taarifa, "Amekuja?" ni swali, na neno ni lilelile. Katika Kichina sauti hubadili neno lenyewe. Huko ndiko kunakoitwa toni. Ya kwanza iko juu na imenyooka, ya pili inapanda, ya tatu inashuka chini kabisa, ya nne inaporomoka ghafla. Zaidi ya hizo kuna silabi nyepesi zisizo na toni yao.

Walimu wengi hutoa mfano wa silabi "ma": mama, katani, farasi, kukemea. Mfano huo ni mzuri darasani, lakini kwa anayekwenda kufuata mzigo ninao mwingine ulio karibu naye zaidi. Mǎi, kwa toni ya tatu, ni kununua. Mài, kwa toni ya nne, ni kuuza. Ukiteleza hapo umegeuza biashara juu chini. Au chukua shí, kumi, na sì, nne. Watu wengi wa kusini hawatofautishi "sh" na "s" katika mazungumzo ya haraka, hivyo kumi hutenganishwa na nne kwa toni tu: kumi inapanda, nne inaporomoka. Mtu asiye na sikio la toni atasimama mbele ya kibanda cha jumla Yiwu, katika mkoa wa Zhejiang, akisubiri muuzaji aandike bei kwenye kikokotoo. Ataendelea kusubiri hivyo mwaka hadi mwaka, kwa sababu kikokotoo hakimfundishi kusikia.

Husemwa kwamba sisi Waafrika hatuna toni na ndiyo sababu Kichina kinatushinda. Hilo si kweli. Kiswahili ndicho kisicho nayo. Lugha nyingi za Kibantu zinayo. Mkikuyu, Mhaya na Mnyarwanda wanaitumia kila siku bila kuijua. Msemaji wa Lingala anajua kwamba "moto" ni mtu na "motó", sauti ikipanda mwishoni, ni kichwa. Kama ulilelewa katika lugha kama hizo, sikio lako limeshazoea kuisikiliza sauti ya neno. Limebaki kuelekezwa toni za Kichina ni zipi.

Wenzetu wa pwani nao wana hazina yao. Katika pinyin, herufi b na p hazitofautiani kama b na p za Kiswahili sanifu. Zote mbili zinakaribia "p". Ya pili inatoka na pumzi. Mtu wa Mombasa au Unguja anaijua tofauti hiyo tangu utotoni: "paa" la nyumba halina pumzi, "paa" mnyama wa porini anayo. D na t, g na k, zinafuata mkondo huohuo. Dùzi bǎo le maana yake tumbo limeshiba. Tùzi pǎo le maana yake sungura amekimbia. Toni za sentensi hizo mbili zinalingana. Kilichobadilika ni pumzi tu. Anayesoma pinyin kwa macho ya Kiingereza au ya Kiswahili cha bara atatamka b nzito, na Mchina atamwelewa kwa kubahatisha.

Kwa hiyo ile kazi ndogo ya kabla ya safari ndiyo hii: wiki kadhaa za toni na pinyin, mbele ya mwalimu anayekusahihisha papo hapo. Taasisi za Confucius, zinazofundisha Kichina, zipo Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako ya kwanza barani Afrika ilifunguliwa mwaka 2005, na pia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma. Huhitaji shahada. Unahitaji sikio lako liwe limefunguka, ili yale utakayoyasikia mtaani yapate pa kushika. Asiyefanya hivi husikia kelele tupu, na kelele hata ukizisikia miaka kumi hazigeuki kuwa lugha.

Siku yenyewe ndiyo darasa

Ukishafika, usijaribu kujifunza "Kichina chote". Mgeni huujua mtaa kwa njia anazopita: leo ya dukani, kesho ya msikitini au kanisani, baadaye ile ya mkato nyuma ya soko, mpaka siku moja mtaa mzima uko kichwani. Lugha nayo huingia kwa shughuli. Wiki moja ishike ile ya kununua mboga, basi. Duōshao qián, bei gani. Tài guì le, ghali mno. Piányi yìdiǎn, punguza kidogo. Muuzaji yuleyule, saa ileile, kila siku. Siku ya tatu atakuuliza unatoka wapi. Ya tano atakuuliza unapika nini. Hapo somo jipya limejileta.

Chakula ni shule pana kuliko zote, hasa kwa Mwislamu. Katika orodha ya vyakula neno ròu, nyama, likisimama peke yake kwa kawaida ni nyama ya nguruwe. Ya ng'ombe lazima iandikwe niúròu, ya kondoo au mbuzi yángròu, ya kuku jīròu. Anayekula halali hulazimika kusoma, na kulazimika huko ni neema. Alama za kwanza anazozitambua ni mbili: 清真, qīngzhēn, inayobandikwa kwenye milango ya migahawa ya halali. Utaiona karibu kila mji, mara nyingi kwenye vijiduka vya tambi za nyama ya ng'ombe vinavyoendeshwa na Waislamu wa Kihui kutoka mikoa ya Gansu na Qinghai. Ukiwa Guangzhou, Msikiti wa Huaisheng, mmoja wa misikiti ya kale kabisa China, uko katikati ya mji, na siku ya Ijumaa jirani zake ni mahali pazuri pa kufanyia mazoezi ya kusoma vibao.

Alama hiyo ya kwanza, 清, inastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu inavunja hofu kubwa kuliko zote kuhusu Kichina: kwamba hanzi ni maelfu ya michoro isiyo na mpangilio. Upande wake wa kulia ni 青, unaotamkwa qīng. Upande wa kushoto ni vitone vitatu vya maji. Kulia panakupa sauti, kushoto panakudokezea maana: qīng, safi, angavu kama maji. Ondoa maji uweke alama ya usemi, unapata 请, qǐng, kuomba au kukaribisha. Weka alama ya moyo, ni 情, qíng, hisia. Weka jua, ni 晴, qíng, hali ya hewa ikiwa imetakata. Sehemu kubwa ya hanzi zimejengwa hivi, kipande cha sauti na kipande cha maana. Mpangilio huo una mapengo, maana matamshi yamebadilika kwa karne nyingi, lakini unatosha kumfanya mtu akumbuke.

Na je, ni lazima ujue ngapi? Orodha rasmi iliyotolewa China mwaka 2013 ina hanzi 8,105, na 3,500 kati yake zimewekwa daraja la kwanza kama zinazotumika sana. Mia chache za mwanzo zinakufikisha mbali katika maisha ya kawaida. Tena siku hizi kuandika kwa mkono hakuhitajiki mara nyingi. Kwenye simu unaandika pinyin, hanzi zinajipanga mbele yako, unachagua iliyo sahihi. Maana yake, anayejua pinyin na anayezitambua alama akiziona, ameshaweza kuandika ujumbe. Mwanafunzi wa chuo ana wajibu wa kuandika kwa mkono; mfanyabiashara anaweza kuliahirisha hilo bila kupoteza kitu.

Simu yenyewe inakusukuma kwenye lugha utake usitake. WhatsApp na Facebook hazifunguki China kwa mtandao wa kawaida, kwa hiyo mawasiliano yote yako WeChat, programu ya Kichina ya kutumiana ujumbe, kuanzia wakala wa mzigo hadi mwenye nyumba. Wachina wengi hupenda kutuma ujumbe wa sauti. Kwa anayejifunza hiyo ni zawadi, kwa sababu sauti ileile ya mtu halisi, yenye lafudhi yake na haraka zake, unaweza kuisikiliza mara kumi usiku huo ukiwa chumbani.

Upande wa safari, ushauri wangu utawashangaza wengine: treni ya mwendo kasi ni nzuri kwa kufika, lakini angalau mara moja panda ile ya polepole, ya mabehewa ya kijani. Kwenye ya kasi watu husinzia au huangalia simu zao. Kwenye ya kijani mnakaa mnatazamana kwa saa nyingi, watu wanamenya mbegu za alizeti, na mgeni ndiye habari ya behewa zima. Utaulizwa unatoka nchi gani, una umri gani, umeoa au umeolewa, una watoto wangapi, mshahara kiasi gani. Usikasirike, kwao kuuliza hivyo ni kukujali. Maswali hayo yatarudi kwa kila abiria mpya anayeketi, na ukishuka utakuwa umejibu kwa Kichina mambo yaleyale mara nyingi kuliko muhula mzima wa darasani.

Hesabu inayowaponza wengi

Hapa nitatua kidogo, kwa sababu watu wamepoteza fedha. Kichina kina neno moja kamili la elfu kumi: wàn. Sisi kutoka elfu tunahesabu elfu kumi, elfu ishirini, mpaka laki. Wao kutoka elfu wanahamia wàn moja, wàn mbili, na laki yetu kwao ni wàn kumi. Ukisikia sān wàn, ni elfu thelathini. Anayetafsiri kichwani kwa haraka huongeza au kupunguza sifuri, na sifuri moja kwenye oda ya kontena ni msiba. Dawa ni kuandika: chora mstari baada ya tarakimu nne kutoka kulia, si tatu, 3|0000, uone wàn zako ziko ngapi.

Tena ukihesabu vitu viwili hutumii èr, unatumia liǎng. Na kwenye soko lenye kelele, namba kutoka moja hadi kumi huonyeshwa kwa mkono mmoja. Kidole gumba na kidole cha mwisho vikinyooka ni sita. Gumba na kidole cha shahada vikinyooka, sehemu nyingi ni nane, ingawa kwetu mtu angedhani ameonyeshwa mbili.

"Kichina hakina sarufi"

Hii nayo husemwa sana. Ni kweli kitenzi cha Kichina hakibadiliki: hakuna ni-, u-, a-, wala -li-, -na-, -ta-. Lakini sarufi imehamia kwenye mpangilio wa maneno. Sisi tunasema "kitabu changu kipya", jina likitangulia. Kichina hutanguliza sifa zote na kuliweka jina mwisho. Anwani nayo huanza na nchi, mkoa, mji, mtaa, kisha nyumba. Vitu navyo huhesabiwa kwa makundi: kitabu huhitaji neno běn, karatasi, tiketi na meza huhitaji zhāng, na vitu virefu kama samaki, mto au suruali huhitaji tiáo. Mwingereza hulalamika sana hapa. Mswahili aliyekua na ngeli haoni ajabu kwamba kila kitu kina kundi lake.

Anapojisikia nyumbani zaidi ni kwenye majina ya ndugu. Kiingereza kina neno moja kwa baba mkubwa, baba mdogo na mjomba. Kichina, kama Kiswahili, kinawatenganisha: bóbo ni baba mkubwa, shūshu ni baba mdogo, jiùjiu ni mjomba, na shangazi ni gūgu. Na kama kwetu, majina haya huvuka mipaka ya damu. Mtoto atamwita mwanamume mgeni shūshu. Mama wa makamo anayefanya usafi bwenini ni āyí. Dereva na fundi ni shīfu. Mwenye duka ni lǎobǎn. Mswahili anayejua kumwita mtu mama, kaka au fundi kabla ya kumwomba kitu ana adabu hiyo tayari. Aitumie kwa Kichina, na milango mingi itafunguka ambayo "nǐ hǎo" tupu haiifungui.

Kwenye salamu ndipo tunapoumizana. Kwetu huanzi shida yako kabla ya habari za asubuhi, za nyumbani na za watoto. Jirani Mchina akikukuta na mfuko wa mboga atakwambia tu, "Unanunua mboga, ee?" na kupita. Mzee atakuuliza, Chī le ma? Umekula? Wengi wetu tunaona tumedharauliwa au tunadhani tunaalikwa chakula. Zote hizo ni salamu kamili. Jibu kwa ufupi, nawe utakuwa umesalimiana.

Mezani vyakula huwekwa katikati na kila mtu huchota, jambo lisilotusumbua. Usichomeke vijiti wima ndani ya wali, kwa kuwa vinafanana na udi unaochomwa kwa ajili ya marehemu. Katika Guangdong, mkoa wenye mji wa Guangzhou, ukimiminiwa chai gonga meza taratibu kwa vidole viwili. Hiyo ni asante. Asiyekunywa pombe anyanyue kikombe cha chai wakati wa kutakiana heri, maana kuweka chai mahali pa pombe ni desturi inayojulikana. Na kabla ya kuagiza mzigo tazama kalenda ya Kichina inayofuata mwezi mwandamo: mwaka mpya wa Kichina huangukia kati ya mwishoni mwa Januari na karibu tarehe 20 Februari, na viwanda vingi hufungwa kwa wiki kadhaa wafanyakazi wakienda kwao.

Programu za kutafsiri kwenye simu zinasaidia, nami sizikatai. Zitakusomea orodha ya dawa na mkataba wa chumba. Lakini anayezitoa kwa kila jambo, mpaka kununua maji, anajinyima yale mazoezi madogo ambayo ndiyo lugha yenyewe. Ziwekee mipaka: hospitali, polisi, mikataba. Kwenye mboga weka simu mfukoni.

Anayehitaji cheti atafanya HSK, mtihani rasmi wa Kichina kwa wageni. Katika mpangilio uliozoeleka wa madaraja sita, daraja la nne, lenye maneno 1,200, ndilo ambalo vyuo vingi hulitaka kwa shahada zinazofundishwa kwa Kichina. Mwaka 2021 viwango vipya vya madaraja tisa vilitangazwa, kwa hiyo ulizia chuo chako kinatumia kipi kabla ya kununua vitabu. Katika mpangilio huo wa madaraja sita mtihani hupima kusikia na kusoma, na kuanzia daraja la tatu kuandika pia. Kuzungumza kuna mtihani wake wa kando, na ndiyo sababu utakutana na mwenye cheti anayeshindwa kuagiza chai.

Kwa kuzungumza, kuna mlango ambao wengi wetu hatuubishi. Kiswahili kinafundishwa katika vyuo vikuu vya Beijing tangu miaka ya 1960, Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Beijing kikiwa kimojawapo. Wanafunzi wake wanatafuta kwa hamu mtu wa kuzungumza naye Kiswahili cha kweli. Patana na mmoja wao: nusu saa Kichina tupu, nusu saa Kiswahili tupu, na kila mmoja aruhusiwe kumkatiza mwenzake pale pale toni au ngeli inapokosewa. Ukiwa Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura mnaweza kuanza kwa simu, hata kabla hujapata viza.